Mfupa Uliokufa Haunywi Dawa

Treni ya Reli ya Kati ikiiacha Kilosa kuelekea Dodoma haina njia nyingine ila kulifuata bonde la Mto Mkondoa. Stesheni ya kwanza ni Munisagara, halafu Mzaganza, halafu Kidete, milima ikiwa huku na huku na mto ukikatizwa na madaraja mara kwa mara. Bonde hili ndilo lango la Usagara. Kabla ya reli lilipitwa na misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa, na baadaye ya Wazungu waliokuja kutafuta maziwa na vyanzo vya mito. Stanley alilipanda mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta Livingstone. Punda walikuwa wachache na walikufa njiani, kwa hiyo kila kitu kilikwenda kwa miguu ya watu. Ukiitazama historia ya bonde kwa jicho la tabibu utaona miguu tu: iliyochubuka, iliyovunjika, na ile iliyotoa usaha miaka nenda miaka rudi hadi mwenye nao akaacha kuuhesabu kuwa ni ugonjwa.

Usaha wa mfupa hauna tabia ya jipu. Jipu huiva, hupasuka, hukamuliwa, na wiki ya pili limesahaulika. Mfupa ni kitu kigumu, hauna nafasi ya kuvimba. Bakteria wakiingia humo, na mara nyingi ni wale wa aina ya Stafilokokasi wanaoishi kwenye ngozi na puani mwetu bila kutudhuru, usaha hujikusanya ndani na kuibana mishipa ya damu. Sehemu inayokosa damu hufa. Mwili nao haukubali kushindwa: hujenga ganda jipya la mfupa kukizunguka kile kipande kilichokufa, kikabaki humo ndani kimefungiwa, bakteria wamekaa juu yake chini ya utando wao wa ute. Usaha hutafuta pa kutokea, ukatoboa tundu kwenye ngozi. Tundu likiziba, homa inarudi. Likifunguka, homa inashuka. Mara nyingine hutoka na kijipande cha mfupa, na watu wa nyumbani hufikiri ugonjwa umeisha kwa kuwa wameona kitu kimetoka.

Dawa yoyote, iwe ya kumeza au ya sindano, husafiri kwa damu. Kipande kisicho na damu haikifikii. Kila kitu katika historia hii kinazunguka jambo hilo moja, na limesahauliwa mara nyingi, hata na watu waliosoma.

Kisa cha zamani kilichoandikwa kwa kirefu kuhusu mguu wa namna hii katika nchi yetu ni cha James Augustus Grant, ofisa wa jeshi kutoka Scotland aliyefuatana na John Hanning Speke kutafuta chanzo cha Nile. Walivuka Usagara mwishoni mwa 1860, na mwaka mmoja baadaye, wakiwa wageni wa Mukama Rumanika huko Karagwe, mguu wa kulia wa Grant ulianza kuvimba kuanzia juu ya goti. Maumivu yalikuwa makali mno. Ukachanjwa kwa kina, usaha mwingi ukatoka, akapata nafuu. Kisha majipu mapya yakatokea, ukachanjwa tena. Goti likakakamaa likiwa limepinda. Kila siku aliukamua mguu kwa mikono yake mwenyewe ili usaha utoke.

Kila mtu kambini alikuwa na lake la kusema. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa msafara, alikuwa amesikia habari za kukanda kwa mavi ya ng'ombe, chumvi na tope la ziwani. Vikapakwa vya moto, visisaidie. Baraka, mwenzake na mpinzani wake, alishikilia kwamba nyoka ameutemea mate mguu ule. Nduguye Rumanika, Nnanaji, aliyesifika kwa uganga, alimleta mganga wa Kinyambo pamoja na mkewe. Grant alimwandika mganga huyo kwa heshima: aliugusa mguu kwa upole, akachanja chale ndogo ndogo kwa kisu, akawafukuza watazamaji wote nje ya kibanda. Mkewe akafungua jani la mgomba lililofungiwa dawa nyeusi, ikalainishwa kwa mate, ikasuguliwa kwenye chale. Mwisho akafungiwa hirizi ya kijiwe kifundoni.

Speke hakungoja. Januari 1862 aliondoka kwenda Buganda, akamwacha mwenzake amelala. Grant alitoka Karagwe Aprili mwaka huo akiwa amebebwa kwenye machela. Speke alipofika pale Nile inapotoka ziwani, tarehe 28 Julai 1862, alikuwa peke yake bila Grant. Mguu ndio uliomkosesha Grant nafasi yake katika vitabu vya jiografia.

Hakukuwa na eksirei wakati ule, wala maabara, kwa hiyo hakuna anayeweza kuapa kwamba mfupa wa Grant uliguswa. Madaktari kadhaa waliosoma maelezo yake karne moja baadaye wamehisi ulikuwa ni ugonjwa wa Buruli, unaoletwa na bakteria wa ukoo wa kifua kikuu, ambao ukiachwa huweza kuteremka hadi mfupani. Kinachonivutia mimi ni kwamba kati ya yote aliyofanyiwa, yaliyompa nafuu yalikuwa mawili: kuchanja na kukamua. Yaani kuutoa uchafu nje. Mengine yote yalikuwa faraja.

Reli ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, ikapasua bonde la Mkondoa, na kufikia 1914 ilikuwa Kigoma. Kazi ya kuvunja miamba na kubeba mataruma ilileta majeraha yake, na pamoja nayo alikuwepo mgeni mmoja mdogo. Funza, yule anayejichimbia kwenye vidole vya miguu, hakuwa wa Afrika. Aliingia Angola mwaka 1872 kwa meli kutoka Brazil, akalivuka bara zima kwenye miguu ya wapagazi na askari, na kabla ya karne kwisha alikuwa ameshaifikia pwani ya Mashariki. Kidole chenye funza wengi hupasuka, bakteria wakaingia, na mfupa wa kidole ni mdogo, hauko mbali na ngozi.

Agosti 1916 vita ikateremka bondeni. Jeshi la Waingereza chini ya Jenerali van Deventer lilitoka Dodoma, likaichukua Mpwapwa, likaifuata reli kupita milima ya Usagara, na tarehe 22 Agosti likaingia Kilosa. Wajerumani walirudi nyuma wakivunja madaraja. Meli zao zilikuwa zimezuiwa baharini, hivyo madaktari wao walifunga vidonda kwa bendeji zilizotengenezwa kwa magome ya miti. Upande wa Waingereza mizigo ilibebwa na lile jeshi la wapagazi ambalo jina lake limebaki Dar es Salaam kama Kariakoo. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi, na waliorudi makwao wengi walirudi na miguu iliyoharibika. Vidonda vyao havikuandikwa na mtu kama Grant alivyouandika mguu wake.

Ulaya, katika vita hiyo hiyo, madaktari walikuwa wakijifunza upya. Hawakuwa na dawa ya kuua bakteria ndani ya mwili. Walichokuwa nacho ni kisu, maji ya klorini, na plasta. Mmarekani Winnett Orr alijifunza kuukata mfupa uliokufa, kukijaza kidonda shashi, kuufunga mguu wote kwa plasta na kuuacha wiki nyingi, harufu ikiwa mbaya lakini mgonjwa akinenepa. Josep Trueta alifanya hivyo huko Hispania miaka ya 1930 kwa majeruhi 1,073, wakafa sita tu. William Baer alikuwa amewaona mwaka 1917 askari wawili waliolala uwanjani siku saba wamevunjika mapaja, vidonda vikiwa vimejaa mabuu ya inzi, na hawakuwa na homa. Mabuu yalikuwa yamekula nyama iliyokufa na kuiacha ile iliyo nzima. Baer alipokuwa profesa Baltimore aliyatumia mabuu kutibu watoto wenye usaha wa mfupa, akachapisha matokeo mwaka 1931. Tusicheke: kazi ya mabuu yale ndiyo ile ile ya kisu, kuondoa kilichokufa.

Huku kwetu, lakini, kilichokuja kuteka mioyo ya watu baada ya vita kilikuwa sindano.

Buba ulikuwa ugonjwa wa vijiji vyenye joto na unyevu. Huanzia kwenye ngozi kwa vidonda vinavyofanana na tunda la forosadi, na usipotibiwa hushuka hadi kwenye mifupa. Muundi wa mtoto huvimba ukajipinda kwa mbele kama upanga wa Mwarabu. Ni maambukizi ya mfupa, ingawa bakteria wake ni mwingine kabisa. Miaka ya 1920 serikali ya Tanganyika, chini ya mkuu wa tiba John Owen Shircore, ilianza kuchoma sindano za bismathi kwa wingi, na kuanzia 1926 ikaweka vijijini madresa, yaani wafunga vidonda, waliofunzwa kazi kidogo na kulipwa na serikali za wenyeji. Vidonda vilikauka mbele ya macho ya watu ndani ya siku chache. Hakuna mhubiri, wa dini wala wa serikali, aliyewahi kupata kibali kama kile. Watu walitembea mwendo wa siku kadhaa kuifuata sindano, na walipopewa dawa ya kunywa waliona wamepunjwa.

Penisilini ilipokuja baada ya Vita ya Pili ikakoleza imani hiyo. Kati ya 1952 na 1964 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitibu watu wapatao milioni 50 katika nchi 46 kwa penisilini ya kudumu mwilini, sindano moja kwa mtu mmoja, na buba ukatoweka katika sehemu kubwa ya dunia. Mzee aliyeyaona hayo akiwa kijana ana haki ya kuamini kwamba hakuna kinachoshindikana kwa sindano. Ila bakteria wa buba hajapata kuwa sugu kwa penisilini hadi leo, na hajengi nyumba ndani ya kipande cha mfupa kilichokufa. Stafilokokasi anafanya yote mawili.

Na alianza mapema. Mwaka 1948 Mary Barber, mtaalamu wa bakteria katika Hospitali ya Hammersmith jijini London, alikuwa tayari anaonyesha kwamba sehemu kubwa ya Stafilokokasi wa hospitali yake hawafi tena kwa penisilini. Walikuwa na kimeng'enya cha kuikata. Wakemia wakatengeneza methisilini, ambayo kimeng'enya hicho hakiwezi kuikata, na mwaka 1961, muda mfupi tu baada ya dawa hiyo kuanza kutumika, Patricia Jevons akaripoti Uingereza bakteria wasioijali. Hawa ndio wanaoitwa MRSA. Hila yao ni kubadili ile sehemu ya mwili wao ambayo penisilini hushika ili kuua. Ikishabadilika, ukoo mzima wa dawa unakosa pa kushika kwa mpigo: kloksasilini, ampisilini, sefaleksini, hata seftriaksoni ambayo hospitali nyingi za kwetu huitegemea kama nguzo.

Tanzania ilianza kuhesabu hasara yake mwanzoni mwa karne hii. Utafiti wa Bjørn Blomberg na wenzake uliofanywa Muhimbili mwaka 2001 na 2002 ulikuta kwamba watoto wenye maambukizi ya damu ya bakteria wa kundi la Gramu-hasi walikufa kwa asilimia 43.5, zaidi ya mara mbili ya waliougua malaria, ambao ni asilimia 20.2. Bakteria waliokuwa sugu kwa dawa waliyopewa ndio walioua zaidi. Mwaka 2011 Mawalla, Mshana na wenzao wa Bugando, Mwanza, walichapisha kwamba katika wagonjwa 250 waliofanyiwa upasuaji, asilimia 26 walipata maambukizi kwenye jeraha la upasuaji, Stafilokokasi akiongoza, na miongoni mwao wakiwemo MRSA. Serikali ikaupa usugu huu jina la kiofisi, UVIDA, na mwaka 2017 ikatoa mpango wa kwanza wa taifa wa kupambana nao.

Ni rahisi kumtupia lawama mama wa duka la dawa baridi. Kwa miaka mingi duka lile ndilo lilikuwa hospitali ya kijiji. Mtu amejigonga, muundi umevimba, anatuma mtoto akanunue vidonge vya rangi mbili, vinne au sita kadiri ya sarafu zilizopo. Akiwa na uwezo kidogo anatafuta mtu wa kumchoma PPF, sindano ya penisilini, siku mbili tatu, maumivu yakipoa anaacha. Dozi hiyo huua bakteria dhaifu na kuwaachia wababe uwanja. Kuanzia mwaka 2003, Ruvuma ikiwa ya kwanza na Morogoro ikifuata baadaye, serikali ilianza kuyageuza maduka hayo kuwa Duka la Dawa Muhimu, wauzaji wakapewa mafunzo na orodha ya dawa wanazoruhusiwa. Hiyo ilisaidia. Lakini upande wa pili wa lawama husemwa kwa sauti ndogo: ndani ya hospitali zenyewe, seftriaksoni hutundikwa wiki baada ya wiki kwenye mguu unaotoa usaha bila usaha wenyewe kupelekwa maabara kuoteshwa, kwa sababu maabara iko mbali au vifaa vimekwisha. Huko si kutibu, ni kufuga.

Wagonjwa nao wamebadilika. Zamani wengi walikuwa watoto. Mtoto anaanguka, au hata haanguki, bakteria wanasafiri kwa damu kutoka kwenye jipu au jino na kutua karibu na goti, mahali mfupa unapokua. Mwenye selimundu, na Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka wakiwa na ugonjwa huo, yuko hatarini zaidi, na kwake mara nyingi bakteria ni Salmonela. Watoto hao bado wapo. Lakini tangu pikipiki zijae vijijini, wodi za mifupa zimejaa vijana wa bodaboda, miundi imevunjika na kutoboa ngozi. Mfupa wa muundi upande wa mbele umefunikwa na ngozi tu, hauna nyama ya kuukinga. Ukitoboka kwenye barabara ya vumbi ya Kilosa, au kwenye lami ya Mikumi, pale barabara kuu ya Zambia inapokatiza hifadhi kwa kilomita kama 50 na malori hayalali, unaingia udongo, majani na nguo.

Mgonjwa wa Munisagara aliyevunjika hivyo ana ngazi ya kupanda: zahanati, Hospitali ya Wilaya ya Kilosa, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Morogoro, na ikibidi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya 1996. Wa Mikumi ana Hospitali ya Mtakatifu Kizito kabla ya hapo. Kwenye karatasi ngazi hiyo ni nzuri. Mvua zikinyesha ni habari nyingine. Mafuriko ya Mkondoa ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 yaliing'oa reli kati ya Kilosa na Gulwe, na treni zikasimama kwa miezi.

MOI ndipo Afrika Mashariki ilipojibu mojawapo ya maswali yake yenyewe bila kungoja kujibiwa. Billy Haonga na wenzake, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 240 wenye muundi uliovunjika na kutoboka: nusu wakawekewa chuma ndani ya uvungu wa mfupa, nusu wakafungiwa fremu ya vyuma nje. Kwa miaka mingi vitabu vilisema chuma cha ndani ni hatari mahali penye uchafu mwingi, kwamba kitageuka kiota cha bakteria. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2020, hayakuonyesha tofauti ya maana baada ya mwaka mmoja katika vifo wala katika kurudishwa chumba cha upasuaji kwa sababu ya maambukizi au mfupa kutounga. Chuma chenyewe mara nyingi ni cha SIGN, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle, kilichobuniwa ili kiweze kuwekwa pasipo mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji.

Mfupa ukishaoza, na bakteria wakawa sugu, kazi huanza kwa kusubiri. Daktari mwenye haraka anaweza kumharibu mtoto: akikitoa kipande kilichokufa kabla ganda jipya halijakomaa, mguu unabaki hauna mfupa wa kuubeba. Eksirei hurudiwa hadi ganda lionekane imara pande tatu kati ya nne. Hapo ndipo patasi na nyundo vinapotumika. Dirisha hufunguliwa kwenye ganda, na ndani yake kipande kilichokufa huonekana, cheupe kuliko mfupa ulio hai, kimeliwaliwa kingo, kikavu. Hushikwa kwa koleo na kuvutwa. Kisha daktari huendelea kuchonga kuta za shimo taratibu, anaosha kwa lita kadhaa za maji ya chumvi, anatazama. Anachokitafuta ni vitone vya damu. Mfupa ulio hai, ukichongwa, hutokwa na vitone vidogo vyekundu kila mahali, kana kwamba umenyunyiziwa pilipili ya unga. Pasipotoka damu, anaendelea kuchonga.

Vipande kadhaa, walau vitano, hutumwa maabara, kutoka ndani ya mfupa. Usaha unaotoka tunduni haufai, maana tunduni hukaa bakteria wapita njia wengi. Shimo lililobaki hujazwa. Mojawapo ya njia, iliyoanzia Ujerumani miaka ya 1970, ni shanga. Saruji ya mifupa ya unga huchanganywa na antibaiotiki, ikiwa laini huviringishwa kwa vidole punje moja moja na kutungwa kwenye waya kabla haijakauka. Saruji ikikauka hutoa joto kali, kwa hiyo ni dawa zinazostahimili joto tu zinazofaa: jentamaisini, au vankomaisini kama ni MRSA. Shanga hupangwa shimoni, ngozi hufungwa juu yake, na dawa hutoka humo polepole kwa kiwango ambacho damu isingeweza kubeba bila kuua figo. Wiki kadhaa baadaye waya huvutwa, shanga zote zikatoka.

Dawa ya mwili mzima hufuata, kwa kawaida wiki sita. Kwa MRSA ni vankomaisini, iliyopatikana miaka ya 1950 kutoka udongo wa Borneo na ambayo matoleo yake ya kwanza yalikuwa na rangi ya tope hata wakaibatiza hivyo. Huingia kwa dripu, polepole, figo zikipimwa. Rifampisini, yetu ya kifua kikuu, huongezwa mara nyingine kwa sababu inapenya ule utando wa ute. Ikitumika peke yake bakteria huizoea ndani ya siku chache.

Hapa ndipo historia ya sindano ilipopata pigo lake. Mwaka 2019 utafiti ulioitwa OVIVA ulitoa majibu ya wagonjwa 1,054 wa Uingereza wenye maambukizi ya mifupa na viungo, nusu wakipewa dawa kwa dripu wiki sita, nusu kwa vidonge. Tiba ilishindwa kwa asilimia 14.6 ya wa dripu na 13.2 ya wa vidonge. Mradi mfupa uliokufa umeondolewa, na kidonge kimechaguliwa kwa majibu ya maabara, njia ya dawa kuingilia haikuwa na uzito tuliodhani. Kwa mtu wa Munisagara hii ni habari ya pesa na mashamba: wiki sita za kitanda Morogoro au Dar es Salaam ni msimu mzima wa mpunga, wakati vidonge vinamezwa nyumbani. Mwambie mzee wa kijiji kwamba kidonge kimefikia sindano. Atakusikiliza kwa adabu.

Yote hayo ni ya mtu ambaye tayari ameshaoza mfupa. Aliyeanguka leo ana muda mfupi wa kuepuka. Mwaka 1974 Michael Patzakis na wenzake wa Los Angeles walilinganisha wagonjwa wenye mifupa iliyotoboa ngozi: wasiopewa antibaiotiki walipata maambukizi kwa asilimia 13.9, waliopewa dawa ya ukoo wa sefaleksini asilimia 2.3. Tafiti zilizofuata zikaongeza kwamba dozi inayotolewa ndani ya saa tatu za kwanza inalinda kuliko inayochelewa. Saa tatu, kwa kijana aliyeanguka usiku juu ya Munisagara wakati mto umejaa, zinakwisha akiwa bado anatafutiwa gari. MOI wamekuwa wakipima kama jentamaisini ikiwekwa moja kwa moja kwenye jeraha wakati wa upasuaji wa kwanza itapunguza maambukizi, na hilo litawafaa watakaofika. Kwa ambaye hajafika, dawa yenye thamani kuliko vankomaisini ni kichupa cha sefazolini kikiwa kwenye kabati la zahanati, pamoja na mganga aliyeruhusiwa kukichoma, maji safi ya kuosha jeraha, na vipande viwili vya mbao vya kuufunga mguu, gari likiwa bado linasubiriwa.